Nyayo za Aliyemuua Papa Wenceslas

Marehemu alifika bironi Jumanne saa tatu asubuhi, nyuma ya pikipiki, kuku wawili mkononi na hasira tele usoni.

Bienvenu alimwona kupitia dirishani, chai ikampalia. Pale uani Mama Albertine, dada mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa chini tangu alfajiri na wanawake wenzake, miguu wameinyoosha, wanalia. Na si kulia kwa mchezo. Walikuwa wanazitaja sifa za marehemu moja baada ya nyingine, na sasa walikuwa wamefika kwenye ukarimu. "Kaka yangu hakunyima mutu kitu! Kaka yangu alikuwa anatoa hata ya mudomoni!" Pikipiki ikazimwa. Marehemu akashuka, akajipangusa vumbi la njia nzima ya kutoka Wamaza, akamtazama dada yake, akasema:

"Albertine, ile sufuria yangu uliazima, iko wapi?"

Jamani, zile kelele! Wanawake walitimua mbio kila mmoja na upande wake. Mmoja aliruka ua wa matete, kitenge chake kikabaki kinaning'inia. Mwingine alijifungia chooni na kukataa katakata kutoka. Mama Albertine peke yake alibaki, wala si kwa ushujaa, ni kwamba miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akanyoosha mkono, akagusa kidole cha mguu cha kaka yake. Kilikuwa na joto. Akakipiga kofi.

"Mutu unakufa, tunakulilia mpaka sauti inakatika, halafu unakuja kuuliza sufuria?"

"Mi sikufa," akasema marehemu, baba huyo ambaye wote humwita Papa Wenceslas, na sauti yake ilisikika mpaka barabarani. "Niliuawa. Na mutu aliyeniua iko ndani ya hii biro."

Macho yake yakazunguka ua, yakapita mlangoni, yakatua dirishani, juu ya Bienvenu na kikombe chake.

Sasa tueleweshane, maana mambo haya yana mzizi. Biro hiyo ya Kasongo, yaani ofisi, ni ya ushirika wa wafuga mbuzi, Tuchunge Pamoja. Wanachama wake wametapakaa kote, kuanzia Nyangwe mtoni mpaka Lusangi na Wamaza kule. Kila mwanachama anapewa mbuzi jike mmoja. Mbuzi akizaa, mtoto wa kwanza anapelekwa kwa mwanachama anayefuata. Habari zote hizo zimo ndani ya hifadhidata: jina la mtu, picha yake, kijiji chake, mbuzi wake, rangi ya mbuzi, na kama mtu mwenyewe ni hai au marehemu. Mlinzi wa hifadhidata hiyo ni Bienvenu, kijana wa Bukavu aliyekuja Kasongo kufuata kazi, akapata na kitu kingine ambacho hakukifuata. Kitu hicho kinaitwa Dieudonnée, fundi wa kushona pale sokoni. Bienvenu alimpenda mpaka akawa anachana suruali zake makusudi ili apate za kushonewa.

Na Dieudonnée ni binti wa nani? Wa marehemu.

Baraza la familia la kusikiliza ombi la Bienvenu lilikuwa limeahirishwa mara ya kwanza kwa mvua, mara ya pili kwa jino la Papa Wenceslas, na mara ya tatu bila sababu yoyote, Papa alisema tu kwamba haraka ya nini. Sasa lilikuwa limepangwa Jumamosi hii. Bienvenu alikuwa amekwisha kunyoosha shati.

Halafu Jumatatu alfajiri, mashine ikatuma mesaji kwa wanachama wote. Mashine hiyo ina tabia ya kutuma mesaji. Kila siku saa kumi na moja alfajiri inamwuliza kila mwanachama: "Mwanachama mpendwa, je, mbuzi wako amekunywa maji?" Hayo ni maneno ya Mama Célestine, mkuu wa biro, ambaye anaamini mbuzi akisahauliwa asubuhi anahuzunika siku nzima. Na kila Jumatatu, kama kuna mwanachama aliyefariki, mashine inatangaza yenyewe, bila mtu kuiambia. Jumatatu hiyo ilitangaza hivi: "Kwa uchungu mkubwa tunatangaza kifo cha mwanachama wetu Wenceslas wa Wamaza. Mbuzi wake yuko salama." Basi ndugu zake wa Kasongo wakaja kumlilia palepale habari ilipotoka.

"Nilikuwa nimelala," Papa Wenceslas akaanza kusimulia pale uani, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, hata yule wa chooni akafungua mlango kidogo asikie. "Nimelala vizuri, wacha tu, tangu mwaka jana sijalala vile! Nikasikia kilio. Nikajiuliza, nani tena amekufa? Nikavaa, nikabeba kiti changu, nikatoka nyuma ya nyumba, nikaenda kukaa na wenye kilio, maana mimi si mutu wa kukosa kilio cha jirani. Nikakaa. Nikalia kidogo. Kisha nikamuuliza mwenzangu wa pembeni, tunamulilia nani? Akageuka kuniangalia. Mutu huyo mpaka leo hajaongea."

"Na hao kuku?" Mama Albertine akauliza.

"Wameletwa kwa matanga yangu. Sijui nirudishie nani."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Papa Wenceslas hakucheka. Akaingia bironi na kuku wake, akasimama mbele ya Bienvenu, na watu wote wakajaa mlangoni na madirishani.

"Kijana wa Bukavu," akasema. "Ulikuja kwangu kuomba mutoto. Baba akiwa hai, anaweza kusema hapana. Baba akiwa marehemu, nani atasema hapana?"

"Papa, mimi siwezi..."

"Nyamaza. Marehemu anaongea." Akavuta pumzi. "Hii mashine yenu mimi siiamini. Mimi nimepiga taipu katika biro ya sheferi, kule kwa chifu, miaka mingi, na kila karatasi ilikuwa na kopi yake ya kaboni chini. Hii haina kaboni. Mutu anakuua humu ndani na hakuna mahali pa kuona mukono wake. Haya. Kabla sijapanda pikipiki kurudi, unionyeshe mukono ulioniua. Ukinionyesha, baraza la Jumamosi liko, na Dieudonnée nitakupa kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Ukishindwa, hakuna baraza, hakuna Dieudonnée, na njia ya Wamaza uisahau kabisa. Albertine, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Mama Albertine. "Tena miguu yangu imeamka."

Bienvenu akakimbilia kile chumba kidogo cha ndani ambamo seva inakaa pamoja na magunia ya chumvi ya mbuzi. Aliogopa, tusimpake rangi: aliogopa mpaka vidole vikawa vinabonyeza herufi mbilimbili.

Kwanza akaiuliza hifadhidata jambo jepesi: nani alimbadilisha Wenceslas wa Wamaza kutoka hai kuwa marehemu? Jibu likaja mara moja. Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Kikao namba 214. Jina la mtumiaji: biro.

Biro! Akashika kichwa. Biro ni nani? Biro ni kila mtu. Katika nyumba ile hakuna mwenye jina lake peke yake ndani ya mashine. Wote wanaingia kwa jina la biro na neno la siri moja, lililoandikwa kwa chaki ukutani, juu ya birika la chai, ili asisahau mtu. Na ubaya haukuishia hapo. Mtu akiingia katika hifadhidata, ule muda wake wote wa kuwa humo, tangu kuingia mpaka kutoka, ndio unaitwa kikao. Kwingine mtu akimaliza kazi anafunga kikao chake. Kwa Mama Célestine, hapana. Mama Célestine alilelewa katika nyumba ambayo mgeni hakuti mlango umefungwa, na sheria hiyo akaja nayo kazini. "Unaondoka, mwenzako anakuja, na wewe unafunga mashine?" husema. "Si ni kama kumufungia mlango puani?" Basi kikao hicho 214, cha mashine ya mapokezi, kilikuwa wazi tangu wiki iliyopita, kiti chake chenye mto hakijapoa, na kila mtu amepita hapo: wa chumvi, wa chanjo, wa kuangalia saa tu.

"Mama Célestine," Bienvenu akaita. "Ijumaa, kabla ya adhuhuri, nani alikuwa kwenye mashine ya mapokezi?"

"Ijumaa? Mimi nilikuwa napika chai. Wewe ulitoka mbio kununua mandazi. Sijui. Kiti kilikuwa wazi, si kila mutu anakaa?"

"Ndiyo shida hiyo, Mama."

"Shida gani? Huo ni upendo."

Lakini Mungu si Athumani wala si Bienvenu. Mwezi uliopita mashine ilikuwa inakwenda kwa kujivuta, na Bienvenu, katika kutafuta kinachoivuta, alikuwa ameiamuru ifuate nyayo: kila kikao kiandikiwe faili lake, na ndani ya faili hilo kila kitu ambacho mtu ameuliza, amebonyeza au amebadilisha, na saa yake. Baadaye mashine ilipopona, akasahau kuondoa amri hiyo. Kwa siku nyingine zote ungekuwa uzembe. Leo aliona ni baraka, akabusu kioo cha mashine.

Akafungua folda ya nyayo. Akaacha kubusu. Mle ndani mlikuwa na mafaili zaidi ya elfu moja, majina yao marefu na yote yanafanana, yanatofautiana namba ya mwisho tu. Na namba hiyo haikuwa 214, wala hakukuwa na 214 popote.

Uani, Papa Wenceslas alisikika akimwambia mwenye pikipiki asiende mbali.

Kuna njia ya mkato, Bienvenu aliikumbuka: unaiuliza hifadhidata, faili la nyayo liko wapi? Nayo inakupa jina kamili, huna haja ya kutafuta. Akauliza. Ikampa. Akalifungua, akasoma kutoka juu kwenda chini. Mtu fulani ameuliza nani alimuua Wenceslas. Mtu huyohuyo ameuliza faili la nyayo liko wapi. "Nimekukamata!" akasema kwa sauti. Kisha akaangalia saa. Ilikuwa ni sasa hivi. Mtu huyo alikuwa yeye. Njia ile ya mkato inampa kila muulizaji faili la kikao chake mwenyewe tu, na Bienvenu wa watu alikuwa anajifuata nyayo zake mwenyewe humo chumbani katikati ya chumvi.

Akajipiga kofi dogo la shavu, akatulia, akafikiri. Kikao cha mtu mwingine hakikupi faili lake hivihivi. Lakini kila kikao kinahudumiwa na kazi moja ndani ya seva, na kazi hiyo ina namba yake, na namba hiyo ndiyo inayokaa mwishoni mwa jina la faili. Kwa hiyo ni kuiuliza hifadhidata: kikao 214 kinahudumiwa na kazi namba ngapi? Ila hifadhidata inajua habari hiyo kwa vikao vilivyo wazi tu. Kikao kikishafungwa, inakisahau, na wewe utabaki na mafaili yako elfu moja.

Hapo ndipo Bienvenu alipotaka kumkumbatia Mama Célestine. Kikao 214 kilikuwa wazi! Kwa ule upendo wake wa kutomfungia mtu mlango puani, kilikuwa wazi tangu wiki iliyopita!

Na hapo hapo akasikia, kutoka mapokezi, sauti ya Mama Albertine: "Hii kamba ni ya nini? Nataka kuchaji telefone, niwaambie watu wa Nyangwe kaka amefufuka."

"Mamaaa!" Bienvenu aliruka gunia, akaruka kuku, nusura amruke na Papa Wenceslas aliyekuwa amerudi ndani kukaa, akafika amechelewa. Mama Albertine alikuwa amekwisha kuchomoa waya wa mashine ya mapokezi na kuchomeka wa simu yake. Mashine, ambayo betri yake ilikuwa mzee kuliko wote waliokuwemo, ilianza kulia pii, pii, pii: ikizimika, kikao nacho kimefungwa.

"Mama Albertine, nakuomba, nakupigia magoti, rudisha!"

"Watu wa Nyangwe wanalia bure!"

"Waache walie kidogo tu!"

Maneno haya yalimchukiza sana Mama Albertine na akakataa kabisa. Ikabidi Mama Célestine aingie kati, amtolee kiti, amwahidi chai yenye maziwa, na kumwambia kwamba habari ya ufufuko inapendeza zaidi ikipelekwa kwa mdomo. Waya ukarudi. Kile kilio cha pii kikakoma. Bienvenu akarudi chumbani akiwa amelowa jasho, akauliza swali lake, akapewa namba ya kazi, akaitafuta mwishoni mwa majina ya mafaili, akaiona.

Faili lilikuwa kubwa kupita kiasi, wiki nzima ya watu wote wa biro. Lakini lilikuwa na saa. Akashuka nalo mpaka Ijumaa. Asubuhi, mtu ametafuta chumvi: huyo wa chumvi. Mtu ameuliza chanjo za Lusangi: huyo wa chanjo. Kisha kimya, kiti kimepoa. Kisha mtu mwingine kabisa ameanza, mtu wa polepole, kati ya swali na swali anapitisha muda wa kunywa nusu kikombe.

Mtu huyo alitafuta jina Wenceslas. Akafungua picha ya Wenceslas, akakaa nayo muda mrefu. Akaifunga, akaifungua tena. Kisha akaenda kwenye habari za mbuzi wa Wenceslas, na pale palipoandikwa rangi nyeupe, akafuta, akaandika: "Mweupe. Doa jeusi ndani ya sikio la kushoto." Baada ya kila nukta ameweka nafasi mbili, kama wanavyoweka watu waliofundishwa taipu zamani. Kisha akauliza ni wanachama gani ambao hawatumiwi mesaji za asubuhi. Hifadhidata ikamjibu: marehemu peke yao. Halafu akarudi kwa Wenceslas, akachagua marehemu, akahifadhi.

Bienvenu akasoma mara ya pili.

Ijumaa. Ijumaa Papa Wenceslas alikuja bironi. Alikuja kulalamika, kwa mara ya tatu, kuhusu mesaji za saa kumi na moja. Kule Wamaza network inafika mahali pamoja tu nyumbani kwake, dirishani, na simu yake inalala hapo juu ya sahani ya bati. Ikitetemeka, nyumba nzima inaamka ikidhani paa linaanguka. Kwa mara ya tatu Bienvenu alimjibu, "Ndiyo Papa, nitashughulikia," wakampa kiti cha heshima chenye mto, Mama Célestine akaenda kupika chai, naye Bienvenu akatoka mbio kununua mandazi. Kumbe mzee hakumngoja.

"Umepata?"

Ilikuwa Dieudonnée, nje ya kidirisha cha chumba, sindano bado imechomekwa kifuani mwa blauzi. Alikuwa ameacha cherehani sokoni, alikokuwa anashona nguo za matanga, na kukimbia aliposikia baba yake yuko hai. Maana na yeye Jumatatu alikuwa amelia mpaka macho yakavimba, na Bienvenu alikesha akipiga simu ya Wamaza isiyopatikana.

"Dieudo, mbuzi wa baba yako ana doa?"

"Doa? Yule ni mweupe wote. Ila ndani ya sikio la kushoto kuna kadoa, manyoya yanakaficha. Papa peke yake anakajua. Anakafunua kila asubuhi na kukasalimia. Kwa nini?"

Bienvenu akageuza kioo kumwelekea. Dieudonnée akasoma, midomo inacheza. Kwanza akafunika mdomo. Kisha akaketi chini nje huko, akapotea dirishani, na kilichosikika ni kicheko kilichobanwa, kile kinachouma mbavu. Aliporudi dirishani machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuwa anacheka tena.

"Nililia siku nzima," akasema. "Alitaka tu kulala, na mimi nililia siku nzima. Nitamuonyesha. Lakini si leo. Bienvenu, ukimwaibisha mbele ya Shangazi Albertine, habari yake itasimuliwa mpaka Kabambare kule, na hatanyanyua kichwa tena. Na hapo mimi siwezi kuolewa nawe juu ya kichwa cha baba yangu."

"Na nisipoonyesha mkono, anaondoka."

"Najua."

"Sasa nifanye nini?"

"Mi ni fundi wa nguo," Dieudonnée akasema. "Wewe ndiye wa mashine."

Uani pikipiki ikawashwa.

Bienvenu akatoka. Watu wote walikuwa wamesimama, na Papa Wenceslas alikuwa na mguu mmoja juu ya pikipiki, uso umeshiba ushindi. "Haya!" akasema kwa sauti. "Mukono uko wapi? Si niliwaambia haina kaboni?"

"Ina kaboni, Papa," akasema Bienvenu.

Mguu wa Papa Wenceslas ukashuka.

"Kila mtu aliyekaa pale mbele, mashine imeandika alichouliza na alichobadilisha. Nimelipata faili. Nimelisoma lote." Akapiga hatua moja kumsogelea. "Hata habari ya mbuzi."

Mkono wa Papa Wenceslas uliokuwa umeshika kuku ukalegea, na kuku wale, ambao walikuwa wametoka Wamaza kichwa chini, wakaona nafasi yao na kuitumia. Hakuna aliyewafuata. Mzee alikuwa anamtazama Bienvenu kwa macho ya mtu anayengoja jino ling'olewe.

"Basi sema!" Mama Albertine akafoka. "Nani amemuua kaka yangu?"

"Mimi," akasema Bienvenu.

Akainua mkono wake wa kuume juu, vidole vyote vitano, ili hata walioko nyuma wauone. "Mkono wenyewe huu. Papa alikuja kwangu mara tatu kuniomba nimtoe kwenye mesaji za alfajiri. Mara tatu nikasema ndiyo Papa, nitashughulikia. Sikushughulikia. Kifo chake kilitokea hapo, katika shughuli hiyohiyo ya kumtoa kwenye mesaji. Kama ningemsikiliza, leo asingekuwa amekufa. Naomba msamaha kwake na kwenu wote mliolia."

Ukitazama, hakuna neno la uongo hapo. Uani palilipuka. Wanawake walipiga makofi ya mshangao, mmoja akasema vijana wa Bukavu hawafai, mwingine akasema anafaa, angalau amekubali. Mama Célestine alilia waziwazi na kusema mesaji zile ni zake yeye. Mama Albertine alikuwa amefunga kitenge kiunoni upya, tayari kwa lolote.

"Umesikia, kaka? Amekubali kwa mudomo wake! Hapana ndoa!"

Papa Wenceslas alichukua muda wake. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Albertine," akasema, na sauti haikufika tena barabarani. "Mi nilisema nini? Nilisema anionyeshe mukono. Si ameuonyesha? Mimi neno langu ni moja. Baraza liko."

Kisha akamshika Bienvenu bega, akampeleka nyuma ya nyumba, karibu na banda, mahali ambapo hakuna masikio ila ya mbuzi.

"Umesoma yote?" akanong'ona.

"Yote, Papa."

"Na mahali nilipokaa na ile picha?"

"Hata hapo."

"Picha yenyewe mbaya," akasema mzee. "Nimefumba jicho moja." Akakuna kidevu. "Mi sikujua itatangaza, mwanangu. Nilitaka usingizi tu. Ningewaambiaje watu nimejiua mwenyewe kwa sababu ya telefone? Sasa ile faili. Uifute."

Na Bienvenu, ambaye hajui kusema uongo hata wa adabu, akamweleza ukweli wa kazi. "Leo haitawezekana, Papa. Kikao bado kiko wazi. Nikilifuta kikiwa wazi, mashine itaendelea kuliandika tu chinichini. Lazima kifungwe kwanza, na Mama Célestine hapendi kufunga."

Papa Wenceslas akamtazama kwa muda mrefu. Uso wake ukaanza kubadilika polepole, ukatoka kwenye hofu, ukapita kwenye mshangao, ukafika kwenye heshima.

"Kumbe!" akasema. "Nami nilikudhani mupole. Umekaa na faili langu mukononi, unaniambia bado kiko wazi. Basi nimeelewa. Na kitafungwa lini? Ndoa ikipita?"

"Hapana, Papa, mimi sisemi..."

"Usiseme. Mutu wa akili hasemi. Jumamosi si baraza tena la kusikiliza. Jumamosi tunapanga tarehe, na iwe ya karibu."

Bienvenu alijaribu kumweleza mara mbili zaidi, na kila alipoeleza, tarehe ilizidi kusogea karibu. Akaamua kunyamaza.

Wakaoana kabla ya mvua, pale Wamaza. Dieudonnée aliitimiza ahadi yake: usiku wa kuamkia ndoa alimwambia baba yake kwamba anajua, na kwamba alilia siku nzima kwa ajili ya usingizi wake, na mzee akamwomba msamaha vizuri, bila kofia. Siku ya ndoa yenyewe, zawadi zilipokuwa zinatolewa, Papa Wenceslas akaja anavuta mbuzi mweupe. Watu wakashangaa, maana mzee alikuwa hamwachii mtu mbuzi huyo hata kumshika kamba. Akamkabidhi Bienvenu mbele ya wote. Bienvenu akainama, akafunua manyoya ya sikio la kushoto. Kadoa kalikuwepo. Akakasalimia.

Mzee naye akainama, kichwa karibu na kichwa, kana kwamba anamwonyesha namna ya kushika kamba.

"Ile faili usifute tena," akanong'ona. "Nimefikiri. Iko siku nitakufa kweli, na watakuja kukuuliza kama ni kweli au nimejiandika tena; ndipo uwaonyeshe hiyo. Kifo hicho cha kweli andika wewe mwenyewe, kwa mukono wako huo. Na mesaji usiitume saa kumi na moja. Ngoja mpaka saa mbili. Waache watu walale."